Kuta za Sauti Nne

Mimi wananiita Kiberiti, na walionipa jina hilo hawakunionea. Nikiguswa, nawaka. Kwa hiyo asubuhi ile wana kwaya walipoingia kwenye kiwanja chetu na majembe na ndoo zao, mahali palipokuwa na nyumba kabla mafuriko hayajapita nayo, nilijishika kiuno nikawauliza, "Jamani, mmekuja kujenga au mmekuja kuimba?"

"Vyote viwili, dada," mwalimu wao akanijibu, anacheka.

Naanza na jibu hilo kwa sababu ndilo lililokuja kutuponza. Lakini kwanza nikueleze tulikuwa wapi.

Tulikuwa tunalala darasani, kwenye shule tuliyohifadhiwa baada ya mafuriko, mimi na Mama. Mama ni mama mkwe wangu, mama wa marehemu mume wangu. Mume alipofariki watu walitegemea nifunge virago nirudi kwetu. Kwetu wapi? Wazazi wangu walishatangulia, ndugu sina, mtoto sikujaliwa. Nikabaki na Mama. Hatuelewani hata kwenye chumvi ya mboga. Mimi nikisema imetosha, yeye anasema huyu mtoto anataka kuniua na maji matupu. Ila akikohoa mara moja tu, mimi nimeshakaa kitandani. Nisikufiche, duniani hapa mtu wangu ni huyo mmoja anayenigombeza.

Maji yalikuja alfajiri. Kona ya chumba chake ikaachia, kuta mbili zikatengana, mmoja ukamlalia. Nilimpigia simu shemeji yangu, mwanawe pekee aliyebaki, mwenye duka la vipuri vya magari huko mji wa mbali, huku nafukua matofali kwa mkono mmoja. Majirani wakaja, tukamtoa akiwa hai, mguu umevunjika. Mguu ukaunga, akawa anatembelea mkongojo na kuutumia pia kunichapia meza akitaka chai.

Sasa shemeji akaanza. Kila jioni anapiga simu ya Mama, tunamsikiliza wote kwa spika. Mama anakula nini, Mama analala wapi. Mwisho akasema, "Jumapili nakuja na gari. Nikikuta Mama bado yuko darasani na nyumba hamna, naondoka naye. Sitaki mjadala."

"Mimi si gunia la viazi," Mama akafoka. Lakini nilimwona alivyoirudisha ile simu kwenye khanga taratibu. Mwanawe akikaza sauti, Mama hulegea. Na kwa shemeji mimi sina pa kukaa. Watoto wake wenyewe wanalala mzungu wa nne, na hata ingekuwepo nafasi, mjane wa kaka mtu kuhamia kwa mdogo wa mumewe, watu wangesema mpaka mate yawakauke. Mama akienda, mimi nabaki na cherehani yangu tu, basi.

Ndiyo maana kwaya ilipokuja niliwapokea kwa ukali. Niliogopa kutumaini.

Mwalimu wa kwaya ni kinyozi. Mtu mwembamba, mikono yake haitulii, hata akikuamkia utadhani anakuhesabia mapigo ya wimbo. Kiongozi wa soprano ni nesi, na siku mbili mfululizo alitoka zamu akaja moja kwa moja kiwanjani, anavua gauni jeupe nyuma ya turubai na kuvaa suruali ya kaka yake. Kiongozi wa besi ni muuza nyama, pande la mtu, mfuko wa saruji anaubeba kama wewe unavyobeba mkate. Wengine walikuwa wasusi, makarani, dereva, mama wa nyumbani. Mjuzi wa ujenzi alikuwa mmoja tu, Fundi, mzee wa kanisa lao, anayesema maneno machache kana kwamba yanauzwa.

Niliwachunguza. Mimi ni mshonaji, najua mtu anayeshona na mtu anayejionyesha na sindano. Hawa hawakuja kupigwa picha. Walikuja na chakula chao na maji yao ya kunywa, wakamkuta Mama amewekewa kiti chini ya mwavuli, na kabla hawajagusa jembe nesi akachuchumaa mbele yake akamuuliza, "Mama, dirisha lako unataka litazame wapi?" Tangu mafuriko yale tulikuwa tumeshapewa blanketi, unga, dawa za maji, Mungu awabariki wote. Lakini hakuna aliyekuwa amemuuliza Mama anataka nini. Mama akanyanyua mkongojo akaonyesha upande wa barabara, ili aone nani anapita na nani. Akafurahi kutwa nzima, hata chai nilipoichelewesha hakuchapa meza.

Msingi ukaisha vizuri, Fundi akiwa palepale. Kisha siku ya Alhamisi akaitwa kwenye nyumba nyingine waliyokuwa wanaijenga, mbao za paa zilikuwa zimekaa vibaya. Akaondoka akisema, "Chekecheni mchanga, sogezeni matofali. Kujenga, nisubirini."

Wangesubiri, hadithi hii isingekuwepo. Lakini mwalimu wa kwaya alikuwa amenisikia nikimlilia nesi habari za Jumapili. Akamtazama Mama, akatazama msingi mtupu, akashindwa kuvumilia. "Tutajenga," akasema. "Tutajenga kama tunavyofundishana wimbo."

Ngoja nikueleze wanavyofundishana. Ukipita kanisani kwao siku ya mazoezi utadhani wamegombana. Soprano wako nyuma ya madhabahu, alto kwenye veranda, wanaume wa sauti ya tena wamejibana kwenye ngazi, na besi wametupwa nje kabisa kwa sababu ya mvumo wao. Kila sauti inajifunza peke yake, inarudia na kurudia mpaka iive. Ndipo mwalimu anawaita ndani, anapiga makofi, anasema, "Sasa tukutanishe." Na hapo, lo, nywele zinakusimama.

Basi, nyumba ina kuta nne na kwaya ina sauti nne. Mtu mwingine gani duniani angewaza hivyo? Ukuta wa mbele akawapa soprano, wa nyuma besi, wa kulia alto, na wa kushoto wale wa sauti ya tena. Kila sauti na kamba yake, na ndoo yake ya kuchanganyia. Kona wakaziacha wazi, za kuja kukutanisha mwisho.

Na walijenga! Sina budi kusema, sijawahi kuona watu wakifanya kazi namna ile. Soprano waliweka saruji nyembamba, wanaifuta kingo kwa kidole kama wanapaka keki sukari. Besi walimwaga saruji nene, wanapachika tofali, wanalipiga ngumi. "Nyie mtachelewa harusi yenu wenyewe!" muuza nyama anawatania soprano. "Na nyie mnajenga zizi!" nesi anamrudishia. Mwalimu katikati, anakimbia huku na huku, shati limemganda mgongoni. Jioni kuta zilikuwa zimefika usawa wa linta, pale juu ya madirisha. Wakazikutanisha kona kwa kujaza vipande vya matofali na saruji, wakaimba wimbo mmoja wa nguvu, na mimi Kiberiti, mtu wa kwenda kanisani siku za harusi, niliitikia kiitikio.

Kesho yake Fundi akarudi. Alipoona kuta zimesimama aliweka mfuko wake wa zana chini. Akatoa timazi yake, ile kamba yenye kipande cha chuma, akapima ukuta wa soprano. Umenyooka. Akapima wa besi. Umenyooka. Mwalimu wa kwaya akaanza kutabasamu. Kisha Fundi akafika konani, akachomeka ncha ya mwiko, akakwangua kidogo. Vipande vikaporomoka mpaka kwenye viatu vyake.

"Kuta zote ni nzuri," akasema. "Lakini hii si nyumba. Hizi ni kuta nne zinazopungiana mkono."

Akatuonyesha. Kwa sababu saruji ya besi ilikuwa nene na ya soprano nyembamba, safu za matofali hazikulingana hata moja. Hakuna tofali la ukuta huu lililoingia kwenye ukuta ule. Kona zote nne zilikuwa zimeshikiliwa na vifusi na matumaini. "Maji yakija tena," akasema Fundi, akamwangalia Mama kwa jicho la upande, akaacha kumalizia.

Wa kwanza kusema alikuwa Mama.

"Pigeni lipu," akasema.

"Mama..."

"Nimesema pigeni lipu, nani ataona? Mwanangu anakuja Jumapili. Ezekeni bati, pigeni lipu, mimi nimekaa kwenye nyumba mbovu maisha yangu yote na sijafa."

Sauti yake ilitetemeka. Nikajua naye alikuwa anaogopa kutengana na mimi kama nilivyokuwa naogopa mimi. Hakuwahi kunitamkia hilo, na hata pale hakulitamka, lakini nililisikia, na machozi yakanilenga.

Nesi akaja akachuchumaa palepale alipochuchumaa siku ya kwanza. "Mama, dirisha lako lile pale, utaketi hapo. Kona iko nyuma ya kichwa chako. Mimi nitalalaje?"

Wa besi wakaleta ubishi kidogo, nisiwapambe. Muuza nyama alikuwa amevimba kwa ule ukuta wake. "Wetu uko sawa," akasema. "Fundi mwenyewe kasema. Wabomoe soprano, watufuate sisi."

"Thubutu!" nesi akaruka. "Tuwafuate nyie na saruji yenu ya kulishia ng'ombe?"

Mwalimu wa kwaya akainua mkono, na kwa mazoea yao wote wakanyamaza. Alikuwa amepauka. "Kosa ni langu," akasema. "Fundi alisema tumsubiri. Wa besi, mmejenga vizuri. Soprano, mmejenga vizuri. Mimi ndiye niliyewagawa. Zinabomolewa zote." Akachukua nyundo, akaenda kwenye ukuta wa mbele, ule aliokuwa anausifia jana, akapiga pigo la kwanza yeye mwenyewe.

Nilijua kukasirika, lakini siku ile sikujua nimkasirikie nani. Nilisimama nikiwaangalia watu waliokesha wodini, waliofunga bucha zao, waliomwomba bosi ruhusa, wakibomoa kwa mikono yao kazi yao ya jana, na hakuna aliyewalazimisha. Muuza nyama alisimama kwanza kando, kakunja uso. Kisha akavua shati, akaenda kwenye ukuta wake, akaupiga busu, naapa kwa jina la marehemu, akaubomoa huku anaupa pole. Watu wakavunjika mbavu. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, kamasi na kila kitu.

Saruji ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo matofali mengi yalipona. Yaliyovunjika wakayarundika kando. Jumamosi wakaanza upya, na safari hii Fundi akawachanganya. Kila kona mtu mmoja wa kila sauti, ndoo ya kuchanganyia ni moja tu, na hakuna anayeanza safu ya pili mpaka safu ya kwanza izunguke nyumba nzima. Mwalimu wa kwaya akasimama katikati, kwenye chumba cha Mama kisicho na sakafu, akawa anawashika kama anavyoshika noti ndefu kanisani. Anainua kiganja, wote wanasimama. Anaangalia kona zote nne. Anashusha, wanaendelea. Polepole, we! Niliona jua linakimbia na kuta zinatambaa. Sikuthubutu kumwambia aharakishe.

Jumapili ikafika, na nyumba ilikuwa imefika chini ya madirisha. Kwaya ikaja kutoka ibadani moja kwa moja, sare wamezikunja viunoni. Nesi akanionyesha viganja vyake vilivyopasuka, akaniambia asubuhi ile walipopiga makofi wimboni yalitoka mlio wa msasa. Walikuwa wamepandisha safu mbili tu gari la shemeji liliposimama.

Kiti cha nyuma alikuwa amekitandikia godoro. Niliona hilo kabla sijamwona mwenyewe.

Akamwamkia Mama, akanisalimu mimi, akasimama kuangalia. Nyumba isiyo na paa, isiyo na mlango, na kando yake rundo la matofali yaliyovunjika. "Haya ni nini?" akauliza.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ni mabaki ya nyumba ya zamani. Si ningesema, ningeshindwa nini? Kinyozi yule akaniwahi.

"Ni kosa letu, kaka," akasema. "Tulijenga vibaya, kona hazikushikana. Ijumaa tukabomoa zote. Ndiyo maana unakuta hatujamaliza."

Nilitamani ardhi inimeze, au immeze yeye kwanza. Siku zote hizi za jasho, halafu anamkabidhi shemeji kisu na mpini! Mama aliinamisha kichwa. Shemeji akazunguka nyumba mpaka kona ya chumba cha Mama, akachuchumaa.

Fundi akamfuata. "Tofali la ukuta huu limeingia ule," akamwambia. "Linalofuata, la ule limeingia huu."

Shemeji akaweka vidole kwenye tofali la chini kabisa. Akapanda nalo moja moja, la huku, la kule, kama mtu anayehesabu vifungo vya shati la mtoto. Alipofika juu akabaki ameshika ukuta, ametupa mgongo.

"Siku ile shemeji huyu aliponipigia," akasema, na sauti haikuwa ile ya kwenye simu, "aliiangusha simu bila kuikata. Nilisikia yote. Nilimsikia Mama analia. Halafu nikamsikia amenyamaza." Akapitisha kidole kwenye saruji. "Mliporudi kuniambia yuko hai, nilishukuru. Lakini silali. Mvua ikipiga bati tu, mimi nimeamka, namsikiliza Mama akinyamaza. Mke wangu amechoka na mimi. Sikuja kwa sababu ya darasa. Nilitaka awe mahali ambapo nitakuwa nagusa ukuta mwenyewe."

Mimi nilishika mdomo. Miezi yote ile nilikuwa namwita mbabe, roho ngumu, majina mengine hata hayaandikiki.

Mama akajiinua kwenye kiti. Akajikongoja mpaka pale, akamshika mwanawe bega. "Mbona hukuniambia, baba? Ungeniambia hivyo, ningekuja siku ileile." Akanigeukia, macho yamejaa. "Mwanangu, nenda kanifungashie nguo. Twende, baba. Kama hulali, twende."

Mungu wangu. Ugomvi ningeuweza, amri ningeipinga mpaka kesho, lakini mama anayekwenda kumlaza mwanawe unamzuia kwa maneno gani? Nilitikisa kichwa kukubali. Miguu ikakataa kwenda.

Shemeji aliniangalia. Akamwangalia Mama, akaangalia lile rundo la matofali yaliyovunjika, kisha watu wa kwaya waliosimama na miiko yao mikononi, hawajui waendelee au wavue kofia.

"Bati mnaezeka lini?" akamuuliza Fundi.

"Alhamisi, Mungu akipenda."

"Basi niambieni nitalala wapi mpaka Alhamisi."

Tone la kwanza la mvua likampiga muuza nyama kichwani, akapiga ukelele, na ghafla wote tukawa tunakimbia. Saruji ilikuwa mbichi! Turubai moja, mikono kila upande, shemeji na viatu vyake vya safari ameshika pembe ya kona ya Mama, anaivuta, anapiga fundo juu ya fundo, anafoka kama mimi. Tulipohakikisha kuta zote zimefunikwa tukamkokota Mama mpaka darasani, kwaya nzima nyuma yetu, tumelowa chapachapa.

Mvua ikashuka kwa nguvu zake zote juu ya bati la darasa. Mchana ule hatukuweza hata kusikilizana. Nilimtafuta shemeji nimpe kitambaa ajifute. Alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea godoro la Mama. Nikamgusa bega, hakugeuka. Nikainama. Alikuwa amelala, mdomo wazi, nguo zimemganda mwilini, na Mama ameuweka mkono wake juu ya kichwa chake.

Mwalimu wa kwaya, ambaye ana wimbo wa kila jambo, akavuta pumzi na kuinua kidole kuwapa sauti ya kuanzia. Mama akamwonyesha mkongojo.

"Atakayeimba," akanong'ona, "nitamchapa."